Kabla Hujauza Mbuzi Ununue Makopo: Historia ya Msosi wa Mtu Aliyepasuliwa Mguu, Toka Paris Mpaka Machochwe

Kule Machochwe, wilayani Serengeti, mkoani Mara, hadithi hii inajulikana hata kama majina yanabadilika. Kijana kaanguka na boda, paja limevunjika. Kapelekwa Mugumu, Mugumu wakasema nenda Bugando. Huko kawekewa chuma, kashonwa, karudishwa nyumbani na magongo mawili na karatasi ya kliniki. Daktari kamaliza kazi yake. Sasa vita inahamia jikoni.

Babu anasema, "Mura, wewe kunywa supu ya kongoro tu, mfupa kwa mfupa." Shangazi anasema bamia, ili apate ute. Jirani anasema asiguse mayai, kidonda kitatunga usaha. Halafu shemeji aliye Dar anatuma picha WhatsApp: makopo matatu, unga wa protini, vidonge vya kolajeni na vidonge vya "kuunga mifupa haraka". Ukipiga hesabu ya hayo makopo, mbuzi mmoja anaondoka zizini, na pengine hatoki peke yake.

Nani yuko sahihi? Mabishano haya yana umri wa karibu miaka 200, na walioyaamua wengi wao ni wagonjwa ambao hakuna anayejua majina yao.

Tuanze na kongoro, maana babu hakubahatisha sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 jiji la Paris lilikuwa na maskini wengi na nyama ilikuwa ghali. Mkemia mmoja, Jean d'Arcet, akaona mifupa inatupwa bure wakati ukiichemsha unapata jelatini, ule utelezi unaoganda supu ikipoa. Akasema hii ndiyo nyama ya maskini. Hospitali za Paris zikaanza kuwapa wagonjwa supu hiyo. Wagonjwa wakalalamika. Mabishano yakawa makubwa mpaka ikaundwa kamati chini ya François Magendie, ikajaribu kuwalisha mbwa jelatini peke yake. Mbwa walikonda, wakafa. Ripoti ikatoka 1841: jelatini pekee haimtunzi kiumbe.

Sababu ilikuja kueleweka baadaye. Protini ni kama tofali za aina nyingi, na mwili unazihitaji zote ili kujenga. Kolajeni ya kongoro, na ile ya kwenye kopo pia, inakosa kabisa aina moja inayoitwa triptofani. Kwa hiyo kongoro si sumu wala si ushamba. Ni supu tamu, ina maji na chumvi, inamfaa mtu asiye na hamu ya kula. Lakini ikiwa ndiyo mlo mzima, mgonjwa anajengewa nyumba kwa tofali pungufu. Iambatane na maharage, maziwa au nyama yenyewe. Na huyo anayeuza kolajeni ya kopo kwa bei iliyochangamka anauza ndugu wa kongoro, sema tu amevaa suti.

Sasa twende Glasgow, Scotland, miaka ya 1930. Hii ndiyo sehemu tamu.

Madaktari wa mifupa wa Glasgow Royal Infirmary walikuwa wanasumbuliwa na kitu kimoja: kuna watu wanavunjika muundi, tena sehemu ya chini, na mfupa unachelewa mno kuunga. Kijana wa maabara, David Cuthbertson, akapewa kazi ya kutafuta kwanini. Akafanya kitu ambacho wengi wangekiona kinyaa: akakusanya mkojo wa wagonjwa waliovunjika miguu, siku baada ya siku, akaupima. Alitegemea kukuta madini ya mifupa. Aliyakuta, ila kilichomshtua ni nitrojeni nyingi kupita kiasi, pamoja na salfa. Vitu hivyo viwili vikitoka kwa uwiano ule, maana yake mwili unavunja nyama yake yenyewe. Mguu umevunjika sehemu moja, lakini misuli ya mwili mzima inabomolewa ili kupata malighafi ya kurekebisha. Na haikuwa kwa sababu ya kulala tu, kwani upotevu ulizidi ule wa mtu mzima wa afya anayelazwa kitandani.

Akajaribu kuwashindilia maziwa, mayai na nyama. Upotevu ulipungua, lakini siku zile za mwanzo haukukoma kabisa. Hiyo ni taarifa muhimu kwa mama yeyote anayejilaumu kwamba mwanaye kakonda wakati anamlisha. Siku za kwanza mwili uko kwenye dharura. Kazi ya chakula hapo ni kupunguza hasara. Kujenga kunakuja baadaye, wiki zinazofuata, na ndipo familia nyingi zinapochoka na kurudi kwenye ugali na mchicha.

Wale wagonjwa wa Glasgow hawana majina kwenye historia, Cuthbertson ndiye aliyeitwa Sir. Ndivyo mambo yalivyo.

Muongo huohuo, 1934, wamishonari wa Mennonite walifika Shirati, upande wa ziwani mkoani Mara. Si kwamba kanda hii haikujua kisu. Wakisii, majirani wa Wakuria upande wa Kenya, walikuwa wanafungua mifupa ya kichwa kutibu majeraha tangu enzi za mababu. Bugando ilifunguliwa 1971, na taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili ikaanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kabla vyuma vya ndani ya mfupa havijawa vya kawaida, mtu wa paja alilazwa wiki na wiki, mguu unavutwa na uzito, na siku anashuka kitandani paja limebaki kama mwiko. Chuma kimefupisha kulala. Hakijafuta kile alichokiona Cuthbertson, kwa sababu operesheni yenyewe nayo ni jeraha.

Na vitamini? Hapa kuna mtu alijitoa mhanga kweli. Huko Boston, John Crandon, daktari kijana wa upasuaji, alikula kwa miezi chakula kisicho na vitamini C kabisa, kisha akakubali kuchanwa mgongoni ili waone kama atapona. Baada ya miezi mitatu kidonda kilipona vizuri. Baada ya miezi sita kidonda kipya kiligoma, juu ngozi imeshikana lakini chini hakuna kitu. Alipopewa vitamini C, kikapona. Ilichapishwa mwaka 1940. Soma hapo mara mbili: miezi mitatu bila tone, na bado alipona. Vitamini C ni lazima, ila haihitaji mlima wa vidonge. Mtu mzima anahitaji miligramu kama 75 mpaka 90 kwa siku, na pera moja linavuka hapo kirahisi.

Tuingie kwenye hesabu. Mwongozo wa siku hizi kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji ni protini kama gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Kijana wa kilo 60 anataka gramu 72 mpaka 90 kwa siku. Yai moja lina kama 6. Glasi ya maziwa kama 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Dagaa wakavu ndio wababe, gramu 100 zina kama 60. Yaani kijana wa Machochwe akipata glasi tatu za maziwa, mayai mawili, kikombe cha maharage na gramu 50 za dagaa, ameshafika 80 na kidogo, kabla hata ugali haujahesabiwa. Ila ugali usiachwe, maana asiposhiba, mwili unachoma hiyo protini kama kuni. Na mayai hayatungi usaha. Usaha unaletwa na vijidudu.

Dagaa pia wanaliwa na mifupa yao, hapo kuna kalsiamu. Ulezi nao usidharauliwe: gramu 100 zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, mahindi hayasogelei hata kidogo. Ukiuotesha au kuuchachusha kabla ya uji, mwili unaipata vizuri zaidi. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, inazuia madini ya chuma, na aliyepasuliwa kapoteza damu. Kuhusu vitamini D, utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, wakakutwa nayo tele kwa sababu ya jua. Lakini jua halipiti bati. Mgonjwa atolewe nje.

Bamia? Mboga nzuri. Ute wa bamia unaishia tumboni, hauendi gotini.

Je, makopo ni utapeli mtupu? Hapana, na hapa haki itendeke. Geneva, mwaka 1990, wazee 59 waliovunjika nyonga waligawanywa makundi. Kundi moja liliongezewa kinywaji cha mililita 250 kwa siku chenye gramu 20 za protini, kwa mwezi hivi. Waliokipata walikuwa na matatizo machache na waliruhusiwa mapema. Kwa hiyo kwa mzee, au mtu ambaye chakula hakipiti, kopo lina kazi. Ila zitazame hizo gramu 20: ni glasi mbili za maziwa na yai moja.

Vidonge vya chuma viende kwa aliyepimwa damu ikaonekana pungufu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichanganye na vidonge vya mitishamba kabla hajamuuliza daktari, vingine vinaongeza kutoka damu. Mwenye shida ya figo asijishindilie protini kwa ushauri wa WhatsApp. Na sigara, ambayo washkaji wanamletea mgonjwa wakija kumsalimia, inachelewesha mfupa kuunga. Wamletee mayai.

Ikitokea kidonda kinatoa usaha, homa inapanda, au kigimbi kimoja kinavimba na kuuma ghafla, hapo hakuna cha supu wala kopo. Na akibanwa kifua au pumzi kukata, ndio kabisa. Itafutwe gari, usiku huohuo, mpaka Mugumu.