Michezo ya video ya kutumia mwili

Hii ni michezo ya video inayochezwa kwa kuruka, kuinama na kurusha mikono. Nintendo Wii ilitoka 2006 na rimoti inayohisi mwendo wa mkono. Kinect ya Microsoft, ya 2010, ilifuata mwili mzima kwa kamera.

Mtoto mwenye ADHD, hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kutulia na kuzingatia, hupata pa kumalizia nguvu zake huku akifuata kanuni. Lakini mchezo hauchukui nafasi ya matibabu. Hata EndeavorRx, mchezo wa tableti ulioidhinishwa Marekani 2020, ulikusudiwa kutumika pamoja na tiba nyingine.

Mzazi, usikimbilie kumwita mwanao mtukutu au kusema ana shetani. Mpeleke kwa daktari. Huna mashine? Mpira wa ufuoni pia ni mazoezi.