Jiwe la Plymouth

Ufukweni mwa mji wa Plymouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ipo hifadhi ndogo ambayo watu husafiri mbali kuifikia, kisha wengi huondoka wakinung'unika. Wakishaingia kwenye ukumbi wa nguzo za mawe huchungulia shimoni, na humo hulikuta jiwe la kijivu lenye ufa uliozibwa kwa saruji na mwaka 1620 uliochongwa mgongoni. Ndilo hili tu?

Ndilo. Barafu kuu ya zama za kale ndiyo iliyolisukuma hadi hapo na kuliacha. Wenyeji wa pwani hiyo, Wawampanoag, walikuwa na kijiji chao, Patuxet, chenye mashamba ya mahindi. Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyokuja na meli za Ulaya yalikimaliza kijiji kizima. Tisquantum, mzaliwa wa Patuxet aliyetekwa mwaka 1614 na kupelekwa Uhispania kuuzwa, aliporejea mwaka 1619 hakumkuta hata mmoja wa kumlaki. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, Waingereza wa meli ya Mayflower wakafika na kupiga makazi palepale, kwenye mashamba yaliyokwisha kufyekwa na watu wengine.

Gavana wao, William Bradford, aliandika historia ndefu ya makazi hayo. Jiwe halimo. Edward Winslow, aliyekuwa pamoja naye, naye hakuligusia. Kwa miaka 121 lilikuwa jiwe kama mengine, hadi 1741, watu walipotaka kujenga gati juu yake. Hapo Thomas Faunce, mzee wa kanisa aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 90, akabebwa kwa kiti hadi pwani, akasema kwamba baba yake alimwonyesha jiwe hilohilo kuwa ndipo wahamiaji wale walipokanyaga kwanza. Mimi simwiti mwongo. Ila baba huyo hakuwamo ndani ya Mayflower. Alikuja na meli nyingine mwaka 1623, kwa hiyo naye alikuwa amesimuliwa. Mzee mwenyewe alitokwa machozi, na gati likajengwa vilevile, jiwe likaachwa likichomoza.

Mateso yake yalianza lilipopata heshima. Mwaka 1774, joto la kuukataa utawala wa Uingereza likipanda, wananchi walileta maksai wengi walivute hadi katikati ya mji. Likapasuka vipande viwili. Wengine waliona hiyo ni ishara ya kuachana na Uingereza. Kipande cha juu kikaburutwa hadi mjini, cha chini kikabaki gatini. Tarehe 4 Julai 1834 kile cha juu kilihamishiwa kwenye jumba la makumbusho la Pilgrim Hall, njiani kikaanguka kutoka kwenye mkokoteni na kuvunjika tena. Wakati huo wote wageni walikuwa wakimega vipande vya kumbukumbu. Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyezuru Marekani miaka ya 1830, aliandika kwamba aliviona vikitunzwa kwa heshima katika miji kadhaa. Kwa hiyo uzio na paa havikuwekwa kwa sababu ya bahari. Viliwekwa kwa sababu ya wapenzi wa jiwe.

Vipande viwili vikuu viliunganishwa mwaka 1880, na ndipo 1620 ikachongwa. Ukumbi wa sasa, kazi ya kampuni ya wasanifu McKim, Mead & White, ulikamilika mwaka 1921, na jiwe likashushwa hadi usawa wa maji, ili bamvua lipite kwenye vyuma na kulifikia.

Wawampanoag walikuwa na hesabu yao. Novemba 1970, siku ya sikukuu ya kitaifa ya Shukrani, Wamsutta Frank James aliwaongoza Wahindi Wekundu kuifanya siku hiyo kuwa ya maombolezo, na baadhi yao wakalimwagia jiwe mchanga. Mkutano huo hufanyika kila mwaka hadi leo juu ya Cole's Hill, kilima kinachotazamana na ukumbi ule wa nguzo.