Mipaka ya Mwenyezi Mungu katika Mwambao wa Mweru

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu Waislamu wa Kilwa na Nchelenge, wako wanaoiona sheria ya dini kuwa ni ukuta wa kumfungia mtu. Lakini Qurani tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, inapoeleza hukumu za saumu na za talaka, inaziita mipaka ya Mwenyezi Mungu. Na mpaka humlinda aliye ndani, na jirani yake aliye nje pia.

Sisi watu wa ziwa twalijua jambo hili. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda mto Luapula wakati wa mvua ili kutaga mayai. Zamani wenye maji ndio waliofungua uvuvi wake. Biashara ilipokua, nyavu zilitandwa mtoni zikawanasa wenye mayai, na kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikwisha adimika. Leo uvuvi hufungwa kila mwaka tangu 1 Desemba hata mwisho wa Februari. Mvuvi hunung'unika, lakini faida ni yake na ya wanawe.

Sasa tuwatazame Waislamu waliotutangulia hapa. Livingstone alipofika Mweru mwezi wa Novemba 1867, alimkuta kwa Kazembe mfanyabiashara Muhammad bin Saleh. Mwaka ule ule Tippu Tip alikuwa amempiga Nsama wa Itabwa. Na mwishoni mwa karne ya 19 Simba, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikaa katika kisiwa cha Kilwa.

Wafanyabiashara hao wa pwani, wakiwa mbali na misikiti ya kwao, hawakuiacha Ramadhani wala kuchinja kwa sheria. Wako walioshika na haki ya msafiri. Livingstone aliipinga biashara ya watumwa. Hata hivyo, alipougua sana mwanzoni mwa 1869, Muhammad Bogharib alimuuguza, akamchukua kwa machela hata ziwa Tanganyika. Mpaka ulilindwa, na roho ya mtu ikapona.

Lakini mpaka mmoja mkubwa waliuruka wengi wao. Mtume ametuonya ya kuwa mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, mshitaki wake Siku ya Kiyama ni Mwenyezi Mungu mwenyewe. Nao watu huru wa nchi hizi walitekwa, wakatiwa makongwa, wakapelekwa pwani. Wako wasemao kwamba hiyo ilikuwa desturi ya zama zile, na kwamba hata Wazungu waliuza watu. Ni kweli, lakini desturi haifuti mpaka. Aliyevikwa kongwa angeipendaje adhana ya aliyemvika? Si ajabu kwamba dini yetu ilibaki ya watu wachache katika mwambao huu.

Basi, ndugu zangu, tusiridhike na kuchinja kwa sheria huku mizani yetu sokoni inapunja, au kibarua wetu anangoja ujira wake, au nyavu zetu zimo ziwani mwezi wa Januari. Jirani asiye Mwislamu haoni swala zetu za usiku, huiona mizani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuishike mipaka yake yote, midogo na mikubwa. Amin.