Rangi ndani ya tangi la samaki: jinsi ya kuiziba isiwadhuru

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, zile zilizojengwa katika karne ya 18, msalani mlikuwa na birika la kuhifadhia maji ya kuogea na kutawadhia. Ndani yake waliishi samaki wadogo, na kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika mwashi alipachika bakuli la kauri lililotoka Uchina, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Hivyo basi Mlamu alifuga samaki nyumbani mwake zamani kabla ya matangi ya kioo kufika pwani hii, na fundi wake alilazimika kujibu swali linalomkabili leo kila atakaye kupamba tangi lake kwa mandhari ya rangi: ukuta upakwe nini ambacho hakitamwua samaki?

Mafundi wa kale walijibu kwa chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo ya mikoko, yakachomwa, kisha yakazimwa kwa maji. Chokaa iliyotoka kuzimwa ni kali mno. Maji yanayoigusa hufikia kipimo cha pH cha 12 na zaidi, ilhali samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi hustawi kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya namna hiyo huwaunguza mashavu wanayopumulia. Lakini lipu ikiachwa huvuta hewa ya kaboni kidogo kidogo, ikarudi kuwa madini yale yale yaliyokuwamo katika tumbawe kabla ya kuchomwa. Hapo haina tena ukali. Mageuzi hayo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na hayaharakishwi kwa kupaka tabaka nene.

Saruji ya leo ina ukali wa aina hiyo hiyo. Anayejenga miamba ya saruji ndani ya tangi hana budi kuiloweka, kumwaga maji na kujaza mapya mara kadhaa, huku akipima pH, hadi kipimo kitulie kwa siku kadhaa mfululizo.

Kwa tangi la kioo, njia iliyo salama kuliko zote ni kupaka rangi upande wa nje wa kioo cha nyuma. Rangi haikutani na maji kamwe, kwa hiyo hakuna cha kuziba. Asiyekuwa na sababu maalumu ya kupaka ndani na aishie hapo.

Wapo hata hivyo wapendao mandhari yenye kina: mwamba uliochongwa kwa stairofomu, au ukuta wenye zidaka kama ule wa ndani ya nyumba ya Kilamu. Kazi ya namna hii hukaa ndani ya maji, na hapa ndipo samaki wengi hupotea. Kosa la kwanza ni kuyaamini maneno “haipitishi maji” yaliyoandikwa kwenye kopo. Maneno hayo yahusu maji kutopenya; hayasemi lolote juu ya kile ambacho rangi yenyewe huachia majini.

Mfano ulio wazi uko ufukweni. Zamani majahazi yalipakwa chini deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili mbao zisitobolewe na wadudu wa baharini. Rangi za madukani zilizochukua nafasi ya deheni nyingi zina shaba, na shaba imetiwa humo makusudi ili iue viumbe wanaojishikiza kwenye chombo. Katika kisiwa chenye mafundi wa mashua kama wale wa Matondoni, mabaki ya rangi hiyo hupatikana kwa urahisi. Isiingie katika tangi la samaki hata tone. Konokono na kamba hufa kwa shaba kidogo sana, samaki hufuata.

Kinachofaa ni rangi ya akriliki ya maji, iliyokauka barabara, kisha ifunikwe kwa epoksi ya sehemu mbili, ya aina inayoruhusiwa kwa matangi ya maji ya kunywa. Sehemu hizo zipimwe kama maelezo yasemavyo. Kukadiria kwa jicho huacha kemikali ambayo haikupata mwenzake, nayo hiyo ndiyo sumu. Pakeni tabaka mbili au tatu nyembamba, mbele, nyuma na pembeni, kwani kitundu kidogo kama ncha ya sindano chatosha kuingiza maji chini ya rangi.

Unyevu wa pwani una vitimbi vyake. Epoksi ikikauka katika hewa nzito huota utando wenye mafuta mafuta juu yake. Utando huo uoshwe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya tabaka linalofuata, la sivyo hayatashikana. Fanyeni kazi adhuhuri kukiwa kukavu, wala si alfajiri. Kukauka kwa kugusa si kukomaa: ngojeni walau siku saba, na ikiwa harufu bado ipo, ngojeni zaidi.

Mandhari hubandikwa kwa silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka. Silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu haifai. Stairofomu huelea kwa nguvu za kushangaza, hivyo ibandikwe tangi likiwa kavu na iachwe siku kadhaa kabla ya kutiwa maji, bila kubakiza nyuma yake uwazi ambamo samaki atanasa au maji yataoza.

Kisha jazeni tangi, mlikalishe wiki moja bila samaki, mwage maji yote na kurudia. Maji yakitoa povu, harufu au rangi, kazi haijaiva. Yakiwa safi, watiwe samaki wawili watatu wasio dhaifu, na wengine wafuate baada ya wiki mbili. Mandhari isisuguliwe kwa waya wala mchanga wakati wa kusafisha. Ikikwaruzika hadi rangi ikaonekana, samaki hutolewa, pahala hapo hukaushwa na kupakwa epoksi upya, na zile siku saba huanza kuhesabiwa tena.