Mgeni na Chungu: Sinema za Mapenzi na Safari katika Kampala

Aghalabu sinema za mapenzi mepesi zinazotungwa juu ya safari na mapishi ya Kitaliani hufuata njia moja: mwanamke wa Kimarekani au wa Kiingereza, aliyechoshwa na kazi au kuvunjwa moyo na mwanamume wa kwao, hushuka Roma, Venice au katika vilima vya Tuscany, huandaliwa sahani ya tambi na bilauri ya mvinyo, na kabla sahani haijaondolewa mezani huwa ameanza kumtazama aliyeipika kwa jicho jingine. Mtu wa Kampala azitazamaye sinema hizi huweza kudhani kuwa ni hikaya za mbali zisizomhusu, zilizoletwa kumpumbaza jioni moja tu. Lakini atakayeifuata nasaba yake nyuma kwa miaka sabini na zaidi atapita Venice, kisha afike Butiaba, kando ya Ziwa Albert.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston, akiwa amekwisha kupiga picha katika misitu ya Kongo ya Wabelgiji, aliingia Uganda na kundi lake, akafanya kazi Butiaba na chini ya maporomoko ya Murchison ili aikamilishe The African Queen. Katika sinema hiyo Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari, mwanamke mwadilifu aliyepita umri wa kutarajia posa, na Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa mashua chakavu. Mashua yenyewe haikuwa ya kubuni: iliundwa mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, ikatumika kazi halisi katika Ziwa Albert kabla ya kupewa jina la mchezo. Wawili hao huteremka mto, hugombana, mwanamke humwaga majini pombe yote ya mwanamume, hatimaye hupendana, na hufungishwa ndoa juu ya manowari ya Wajerumani hali vitanzi vi shingoni mwao. Ni mahaba ya safari kwa kila hali, tena ya kuchekesha.

Na chakula? Mlo ninaoukumbuka zaidi katika sinema hiyo ni ule wa mwanzoni, chai ya Kiingereza ndani ya nyumba ya misheni, ambapo tumbo la nahodha hunguruma kwa sauti mbele ya wenyeji wake watukufu naye huona haya. Nyuma ya kamera mambo yalikuwa hivyo hivyo. Bogart alijinasibu kuwa aliishi kwa maharagwe na asparaga za makopo pamoja na wiski. Huston naye hakuwa mbali na chupa. Nao wawili hawakuugua. Hepburn, aliyekunywa maji ili awatahayarishe walevi hao, aliendeshwa na tumbo mpaka akakonda. Lauren Bacall, mke wa Bogart, ambaye hakuwa na sehemu katika mchezo, ndiye aliyeshika jiko na kuuguza wagonjwa. Mwaka 1987 Hepburn alitoa kitabu kizima kuhusu safari ile, nacho kina ucheshi kuliko sinema nyingi.

Basi Uganda ilitoa mto, mamba, jua na maradhi. Chungu chake hakikufunuliwa. Na chungu hicho hakikuwa cha kudharauliwa. Husimuliwa kuwa mwaka 1887 mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, jina lake Kawuta, alimwandalia bwana wake luwombo: nyama, kuku au karanga zilizosagwa, zikafungwa ndani ya jani changa la mgomba lililobabuliwa motoni, kisha zikapikwa kwa mvuke taratibu mpaka harufu ya jani ikaingia ndani ya mchuzi. Fungo hilo huletwa limefungwa kama lilivyo, na mgeni mwenyewe hulifungua mbele ya wenyeji, mvuke ukampiga usoni. Mtunzi wa mchezo wa mapenzi angeweza kuomba nini zaidi ya hapo?

Miaka minne baada ya Butiaba, Hepburn yule yule alionekana Venice katika Summertime ya David Lean, iliyotoka mwaka 1955. Safari hii ni mwandishi wa ofisini kutoka Ohio, mpweke kama alivyokuwa mpweke yule dada wa mmisionari, naye hupendana na mwuza vitu vya kale wa Kitaliani. Anaposita, mwanamume yule humwambia kwa maneno yasiyo na staha nyingi kwamba mwenye njaa akiletewa ravioli na azile, asikae akiota nyama ya ng'ombe ambayo haipo mezani. Katika kupiga picha hiyo Hepburn alitumbukia katika mfereji wa mji, na maji yake yakamwachia ugonjwa wa macho aliokaa nao tangu hapo. Kwa hivyo maji ya Uganda yalimshika tumbo na maji ya Venice yakamshika macho, wala sijasikia mtu akiziogopa sinema za Italia kwa sababu hiyo.

Tofauti ya sinema hizi mbili ndiyo iliyonifanya niandike. Venice mgeni hulishwa na mwenyeji, na kwa kuwa amelishwa naye, humpenda. Uganda mgeni hula makopo yake, hivyo humpenda mgeni mwenzake, na wenyeji husimama nyuma kama miti. Ziko sababu za kidunia zilizoipendelea Italia: baada ya vita serikali yake iliwazuia Wamarekani kutoa nje mapato ya sinema zao, ikawa fedha hizo sharti zitumiwe hapo hapo, na studio za Cinecittà, zilizofunguliwa mwaka 1937 katika utawala wa Mussolini, zilikuwapo tayari kuzipokea. Kutoka huko ilizaliwa Roman Holiday ya mwaka 1953, ambayo humwonyesha binti mfalme akila aiskrimu kwenye ngazi za mji, nazo nyingi zikafuata mfano wake. Lakini fedha peke yake haielezi kwa nini Mtaliani alipewa sauti, jiko na moyo, hali Mganda alipewa kasia.

Yaliyo ajabu ni kuwa watu wa Buganda wangeyafahamu mapenzi ya mezani kuliko taifa lolote. Siku ya kwanjula, bwana harusi anapojulishwa kwa wakwe, hapana jambo lisilopitia chakula, na jogoo anayekabidhiwa muko, yaani kaka wa binti, huwa na uzito ambao hotuba haziwezi kuuchukua. Zamani mwanamke wa Kiganda hakula kuku wala mayai, lakini yeye ndiye aliyewapika, na firigisi ilikuwa haki ya mumewe; ikikosekana katika sahani, ugomvi umeingia nyumbani. Ssenga, shangazi wa kuumeni, humfundisha mwali mambo ya jiko na ya chumbani katika somo moja, kwa sababu kwake ni elimu moja.

Watu hao, katika wakati wa ukoloni, waliletewa sinema kwa njia mbili. Mjini palikuwa na majumba yaliyoendeshwa zaidi na Wahindi na Wagoa: Odeon, Delite, Neeta, na Norman, lililoitwa kwa jina la Norman Godinho, tajiri wa Kigoa aliyejenga pia shule. Sinema za Kihindi zilikuwa na dola yake humo, na baadaye, ukoloni ulipokwisha, Sangam ya Raj Kapoor ya mwaka 1964, iliyowachukua maharusi wake Ulaya mpaka katika mifereji ya Venice, ilitosha kumfahamisha mtazamaji wa Afrika Mashariki kwamba Italia ndiko watu waendako wakipendana. Vijijini zilikwenda gari za serikali zikibeba picha za Colonial Film Unit, idara iliyoanzishwa mwaka 1939, zenye mafunzo ya usafi, kilimo na utiifu. Kando ya turubai alisimama mkalimani na kipaza sauti, akisema kwa lugha ya mahali pale yaliyokuwa yakipita mbele ya macho. Alitakiwa asome aliyoandikiwa. Mwenye kufahamu tabia ya mtu aliyepewa kipaza sauti mbele ya umati atajua kuwa hilo lilikuwa taraja kubwa mno.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, akawapa siku 90, na majumba ya sinema yakaachwa na mabwana zake pamoja na maduka. Yaliyofuata yanajulikana. Norman likawa kanisa. Waumini wake, walioanza kukusanyika mwaka 1984, leo huitwa Watoto Church, na wakongwe wa mji bado huonyesha kwa kidole mahali walipokaa kumtazama fulani akimbusu fulani.

Kanda za video zilipoingia, sinema ilihamia mabandani. Katika Kisenyi, Katwe, Ndeeba na Kalerwe paliinuka vibanda vya mbao na mabati vyenye mabenchi membamba, pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga, televisheni iliyoinuliwa juu ya meza, na nje ubao wa chaki wenye majina ya michezo ya siku hiyo. Pembeni alikaa VJ, mfasiri wa sinema, kipaza sauti mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa juu ya kitufe: huishusha sauti ya wachezaji aseme yeye, huipandisha tena risasi zinapolia au busu linapokaribia, kwani busu halihitaji tarjuma. Jina la VJ Jingo lilivuma kuliko la waigizaji wengi wa Hollywood, na kazi hiyo ilivuka mipaka. Tanzania ilimpata Lufufu, na Kenya DJ Afro, wote wawili kwa Kiswahili.

Wako wataalamu waliomwona VJ kuwa mharibifu wa kazi za watu, na kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 hoja yao ina miguu. Mimi humwona kuwa mrithi halali wa mkalimani wa gari la serikali, isipokuwa yeye ameyatupa maandishi. Hasemi tu aliyosema mchezaji. Humpa mchezaji kabila, humtajia mtaa atokako, humsengenya mama mkwe wake, na chakula cha kigeni kikiwekwa mezani hukipa jina la chakula kilichopo jikoni kwa mtazamaji. Kwa kinywa chake mgeni wa kwenye sinema hula kwa Waganda hata asipotaka. Ni kweli kuwa kibandani bunduki na ngumi ziliuza zaidi, na hadhira yake ilikuwa ya wanaume. Sinema za mapenzi zilikwenda majumbani, zikachukuliwa na kina mama na mabinti kutoka maduka yaitwayo laibrari, kwanza kwa kanda, kisha kwa diski, sasa kwa kupakiwa katika flashi. Dharau inayotolewa kwa sinema hizo naiona haina insafu. Kumchekesha mtu kwa habari ya wawili wanaokula pamoja ni kazi ngumu kuliko kumshtua kwa mlipuko.

Kwa upande wa pishi lenyewe, Italia imekwisha kuhamia Nakasero, Kololo na Muyenga, ambako piza hupikwa katika majiko ya kuni. Wanaoagiza ile iitwayo Margherita huenda hawajui kuwa husemwa imepewa jina la malkia yule yule ambaye Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alikipa jina lake kilele kirefu kuliko vyote vya Ruwenzori alipokifikia mwaka 1906, mita 5,109 juu ya bahari.

Mwaka 1991 Kampala ilipata sinema yake ya mapenzi na safari. Mississippi Masala ya Mira Nair huanza hapa hapa, mwaka 1972, familia ya Kihindi ikifungasha, na sehemu hizo zilipigwa Kampala kwenyewe. Binti wa familia hiyo, akiwa amekulia mbali, humpenda Mmarekani mweusi aoshaye mazulia, aliyechezwa na Denzel Washington, naye hukalishwa kula na jamaa za kijana huyo, wakimhoji atokako kama wakwe popote duniani wahojivyo. Hapo mgeni alilishwa, akapenda, na Kampala ikawa kwao kwa mtu badala ya kuwa mto wa kuteremkia tu.

Katika Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 Who Killed Captain Alex?, sinema ya bunduki isiyo na mahaba ya kutosha kujaza kijiko. Lakini ndani yake iliachwa sauti ya VJ Emmie, akitania kwa Kiingereza kutoka mwanzo mpaka mwisho, nayo ilisafiri mpaka Marekani na Ulaya, ambako watu wasiowahi kukanyaga kibanda chochote walikaa wakacheka pale pale alipotaka wacheke.