Damu Isiyoganda Upesi

Ninyi mkaao Lushoto mwajua kwamba Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao, Wilhelm wa Pili. Leo nitawaeleza ugonjwa uliokuwamo katika ukoo wake.

Bibi yake mzaa mama alikuwa Malkia Victoria wa Uingereza, aliyezaa watoto tisa. Mmoja wao, Leopold, damu yake ilikuwa haigandi upesi. Mwaka 1884 alianguka, akafa. Ugonjwa huo huitwa hemofilia. Wilhelm hakuwa nao. Lakini ndugu yake, Heinrich, alimwoa Irene, binti wa mama yao mdogo, na wana wao wawili wakaugua. Mmoja alikufa mwaka 1904 baada ya kuanguka, naye ana miaka minne tu. Alexandra, ndugu yake Irene, aliolewa na Mfalme Nicholas wa Urusi. Mwana wao wa pekee, Alexei, akaugua vile vile. Leopold alikuwa mjomba wa mabibi hao wawili.

Kwa nini wajomba na wana? Ndani ya miili yetu mna maagizo madogo mno yaitwayo jeni. Mama ana nakala mbili za maagizo haya ya kugandisha damu. Moja ikiharibika, ya pili kwa kawaida humtosha. Mtoto wa kiume hupata nakala moja tu, nayo hutoka kwa mama. Akipata ile mbovu, huugua.

Jamaa ya Nicholas waliuawa mwaka 1918. Mifupa ya Alexei ilipatikana mwaka 2007, na mwaka 2009 wataalamu wakiongozwa na Evgeny Rogaev wakazisoma jeni zilizobaki mifupani. Kumbe ni herufi moja tu iliyobadilika! Ninyi msomao mtaelewa: andika “damu”, badili herufi moja, umepata “dimu”. Kosa lile lile lilionekana kwa mama yake, ambaye alikuwa na nakala nzima pia.

Kipimo hiki sasa hufanywa kwa damu kidogo ya mgonjwa. Kosa likijulikana, dada zake waweza kupimwa kabla hawajazaa, na mtoto wa kiume akizaliwa, mganga huambiwa kabla ya kumtahiri. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wa hemofilia hutibiwa.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni jina la mama yako, la mama yake, kisha majina ya wajomba wote. Ulizeni nyumbani: yuko aliyetoka damu siku nyingi kwa jeraha dogo, au alipotahiriwa? Tieni alama kando ya jina lake.