Ngoma Hii ni ya Nani?

Kutoka Bariadi mjini kwenda Nkololo nilipanda bodaboda. Dereva alipojua ninafuata nini akacheka. "Unaenda kuangalia ngoma? Mbona ngoma zipo kila harusi." Nikamwambia hiyo haipigwi harusini, ni ngoma ya utemi. Akaendesha kimya hadi tulipoyapita mashamba ya pamba, kisha akasema amezaliwa kijiji cha jirani, ana miaka ishirini na nane, na hajawahi kuiona.

Mwenyeji wangu nitamwita Mzee tu, maana ndivyo alivyotaka. Si wa ukoo wa mtemi. Anasema baba zake walikuwa banang'oma, yaani wazee wa baraza lililomchagua mtemi na kutunza vifaa vya enzi. Tuliamkiana, "Mwangaluka, guku," akanipa kigoda, tukaongea habari za mvua karibu saa nzima kabla hajachukua ufunguo. Ndani ya chumba kisicho na dirisha kulikuwa na ngoma moja na kiti kifupi, vyote vimefunikwa turubai. Ngozi ya ngoma imepasuka upande mmoja. Mguu wa kiti umeliwa na mchwa. Picha alikataa. Niliruhusiwa kuangalia, si kugusa, na baada ya dakika tano hivi alifunga mlango.

Tulipotoka nje akanieleza kwamba kiangazi kilichopita alikuja mtu na gari, akaweka noti mezani kabla hata ya kuulizana bei. Mjukuu wake alikuwepo. "Nikamwambia, hii si yangu, siwezi kuiuza. Akaniuliza, sasa ni ya nani? Nikakosa la kusema. Na mjukuu wangu ananiangalia, anasubiri jibu."

Swali hilo nimetembea nalo tangu siku ile, kwa sababu ni gumu kuliko linavyoonekana, na kwa sababu nadhani historia yetu inalo jibu, au angalau nusu ya jibu.

Tuanze na neno ambalo kila Mtanzania analijua: Ikulu. Limetoka huku, kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Ikulu ni makazi ya mtemi. Na mtemi jina lake linatokana na kutema, yaani kukata: kukata msitu ili watu wapate pa kuishi, na kukata mashauri. Eneo hili la Bariadi ni Ntuzu, mojawapo ya tawala nyingi za kitemi za Usukuma. Kila utawala ulikuwa na ngoma zake, viti vyake, na mapambo yake. Pambo lililojulikana sana Unyamwezi na Usukuma ni kibangwa, kipande cha duara kilichokatwa kwenye kombe la bahari. Fikiria kidogo: bahari iko mamia ya kilometa kutoka hapa. Kombe lile lilibebwa na miguu ya watu hadi likafika kwenye paji la uso wa mtawala.

Nani alilipia? Watawala wa huku walidai sehemu yao ya pembe za ndovu na wakapokea ushuru. Raia walilima. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ntuzu, na alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyotoka alfajiri na vijana wenzake, wakimfuata nsumba ntale, kiongozi wa vijana, kwenda kulima shamba la mtemi. Hakusimulia kwa uchungu. Alisema walikuwa wanaimba. Lakini pia alisema shamba la kwao lilisubiri.

Kwa haki ya watemi, niseme kwamba chakula kile hakikuwa chote cha tumbo la mtu mmoja. Vihenge vya ikulu vililisha wageni, na mwaka wa njaa watu walitegemea kufunguliwa milango yake. Mtemi alitakiwa pia kuhakikisha mvua inanyesha. Isiponyesha angeweza kulaumiwa hata kuondolewa. Yaani utajiri ule ulikuwa na masharti.

Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye urithi. Katika tawala nyingi za Usukuma, kabla mambo hayajabadilika wakati wa ukoloni, mtemi hakurithiwa na mwanawe wa kumzaa. Banang'oma walichagua miongoni mwa wapwa, watoto wa dada zake. Watoto wa mtemi wangeweza kupata ng'ombe wa baba yao, lakini ngoma ilikwenda nyumba nyingine. Hans Cory, Mwaustria aliyeifanyia kazi serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa mila, aliandika kitabu kizima juu ya taratibu za kumsimika mtemi, kikachapishwa London mwaka 1951. Ukiyatazama mambo hayo kwa jicho la leo, unaona kitu ambacho wanasheria wangekipenda: kulikuwa na mali ya mtu na mali ya cheo, na wazee wa baraza ndio waliosimama katikati visichanganyike.

Kwa hiyo Mzee alipomwambia yule mnunuzi "hii si yangu", alikuwa anasema sheria ya zamani kwa maneno matatu.

Sasa ukoloni ulifanya nini? Waingereza walipoleta utawala wa kupitia machifu, kwa sheria ya mwaka 1926, mtemi akawa mtu wa mshahara. Ushuru wa nafaka na kazi za shambani vikageuzwa kodi ya fedha. Vihenge vikapoteza maana, na uwezo wa mtemi ukaanza kuonekana katika nyumba ya matofali na ada ya shule. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920 ikiwalenga hasa watoto wa watawala. Hapo ndipo urithi wenyewe ulipohamia. David Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya huko Shinyanga, mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alisoma Tabora na Makerere, akawa waziri katika serikali ya uhuru. Na Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia Tabora mwaka 1937.

Sisemi hili kuwabeza. Nchi ilifaidika na elimu yao. Nasema tu kwamba tunapojadili mali ya kurithi ya watawala, macho yetu hukimbilia kwenye ngozi ya chui na mkuki, wakati urithi uliozaa matunda ulikuwa dawati la shule. Baba wa bibi yangu alilima shamba lilelile, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyekalia dawati hilo. Deni la namna hiyo halilipiki tena. Ngoma angalau bado ipo.

Mwaka 1963, mtoto huyohuyo wa chifu akiwa Rais, serikali ilifuta uchifu. Cheo kikafa kisheria. Lakini sheria ikifuta cheo, viti vya cheo haviyeyuki. Vilibaki vyumbani.

Baadhi vilipata bahati ya kwenda Bujora, Kisesa, karibu kilometa 20 kutoka Mwanza mjini. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianza parokia pale miaka ya 1950, na pamoja na wazee wa Kisukuma wakajenga makumbusho. Banda la vifaa vya kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake unakuta ngoma za tawala mbalimbali zimekaa pamoja, jambo ambalo watemi wenyewe wakati wa nguvu zao sidhani kama wangelikubali kirahisi. Mtoto wa shule anaingia, anaangalia, anauliza maswali. Busiya nao wana namna yao: huko Kishapu ukoo wa kitemi hufungua ikulu yake kwa tamasha la Sanjo, watu wakacheza katika uwanja ambao babu zao waliuingia wakiwa wameinama.

Na vingine vilikwenda mbali. Makumbusho ya Berlin yana maelfu ya vitu vilivyotoka nchini kwetu wakati wa Wajerumani, vingine vikiwa vimechukuliwa katika vita. Kimojawapo ni kiti cha enzi cha Unyamwezi, kutoka Buruku, chenye umbo la mtu lililochongwa kwenye mgongo wake. Fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa liliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado likasubiri mpaka 1954 kurudishwa Kalenga. Tunawadai Wajerumani orodha: mna nini, mlikipataje, nani anaruhusiwa kukiona? Tuna haki kabisa ya kudai.

Lakini hivi, kile chumba cha Nkololo kina orodha? Dereva wangu wa bodaboda na mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Berlin, nani ana nafasi zaidi ya kuona kiti cha enzi cha babu zake? Jibu linauma. Maswali tunayoyapeleka Ulaya yana anwani za nyumbani pia.

Wenye wafalme hadi leo hawajalimaliza suala hili. Uingereza mkusanyo wa kifalme una vitu zaidi ya milioni moja, na msimamo rasmi ni kwamba mfalme anavishika kwa niaba ya warithi wake na taifa, hawezi kuviuza. Vizuri. Lakini sehemu kubwa haionekani na umma, kuingia majumba unalipia, na mali binafsi ya mfalme inapita kwa mrithi wake bila kodi ya mirathi, kwa makubaliano yaliyofikiwa na serikali mwaka 1993. Mwaka huohuo Uganda ilipitisha sheria ya kuwarudishia watawala wa jadi mali zilizochukuliwa baada ya jeshi kuvamia ikulu ya Kabaka pale Mengo mwaka 1966. Waganda wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Ila ugomvi wa ardhi wa Buganda una mizizi katika mkataba wa 1900, uliompa Kabaka maili 350 za mraba, na ukawapa machifu na watu binafsi wapatao 1,000 maili 8,000 za mraba. Mkulima aliyekuwa juu ya ardhi hiyo aliamka akiwa mpangaji. Mali ya cheo na mali ya mtu zikichanganyika, kuzitenganisha kunachukua zaidi ya karne.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Ngoma ile ilikuwa mali ya utemi. Utemi ulifutwa bila kuacha mrithi mmoja, kwa hiyo warithi wake ni wote waliokuwa chini yake: waliotawala, waliotunza, na waliolima. Ukoo wa mtemi hauwezi kuiuza. Mzee hawezi kuiuza. Serikali nayo haina sababu ya kuja na lori kuipeleka Dar es Salaam, ambako mtu wa Nkololo ataifuata kwa nauli ya siku nzima barabarani. Ikae huku, iandikwe kwenye orodha, na iwe na siku zake za kuonekana. Na kama kuna sehemu za ibada ambazo si za macho ya kila mtu, wazee waseme ni zipi na kwa nini.

Nilirudi Nkololo wiki chache baadaye, nikamweleza Mzee haya yote, kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka kusoma. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesema vizuri, mwanangu. Ni yetu sote. Na mchwa je, ni wa nani?"

Sikuelewa mara moja.

"Miaka yote hii nanunua dawa mimi. Bati lilipovuja nilibadilisha mimi. Aliyekuja na pesa ni yule wa gari peke yake. Nyie mnaotaka kuona mmekuja na nini?"

Hapo ndipo nilipoona nusu ya jibu niliyoiacha. Kama urithi ni wa wote, gharama nayo ni ya wote, na kwa zaidi ya miaka sitini tumemwachia mtu mmoja aibebe, halafu tunashangaa mjukuu wake akiangalia noti mezani. Ningekuwa mimi ni yule kijana, ningeziangalia pia. Wenyewe wanalipa mlinzi, dawa na umeme. Sisi tunalipa kwa kusema "utamaduni wetu" kwenye hotuba.

Nilichanga kiasi nilichokuwa nacho, hakikuwa kikubwa. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akamwita mjukuu wake aje ahesabu na kuandika kwenye daftari la shule. Jina langu, tarehe, kiasi. Nadhani hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ngoma ile imewahi kuwa nayo.

Jioni yule dereva wa bodaboda alikuja kunichukua, akabaki nje juu ya pikipiki yake. Mzee akamwangalia kwa muda.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamtajia baba yake, kisha babu yake. Mzee akatikisa kichwa, akasema babu yake huyo alikuwa akilima kwa kasi kuliko wote. Halafu akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo.